Kitabu Kinachosomwa kwa Masikio: Simu, Wasioona na Wajibu wa Wanaoandika

Yafuatayo ni matini kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wananchi, walimu, wazazi na watendaji wa ofisi za umma.

Jioni inapoingia Mbagala Rangi Tatu, Barabara ya Kilwa hujaa magari, na sauti za makondakta wanaoita abiria husikika kila upande. Katikati ya kelele hizo huweza kuonekana abiria mmoja aliyeshika simu ambayo kioo chake ni cheusi kabisa. Kidole chake kinapita juu ya kioo hicho taratibu, mara kulia, mara kushoto, na waya mwembamba unatoka katika simu hiyo hadi kwenye sikio moja. Jirani yake atadhani kwamba simu imekwisha chaji. Kumbe abiria huyo haoni, na wakati huo anasoma kitabu.

Mazungumzo haya yanahusu usomaji wa namna hiyo, yaani kusoma vitabu vya kielektroniki kwa simu ya mkononi yenye programu inayotamka maandishi. Mfano umechukuliwa kutoka Kinondoni na Temeke kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko yaliko makaazi ya watu wengi wenye kipato cha kawaida. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na kati yao 1,346,674 walikuwa Temeke na 982,328 walikuwa Kinondoni. Pili, wananchi wa Unguja na Pemba huvuka mkondo kwenda huko kwa masomo, matibabu na biashara, na wengine wamehamia moja kwa moja. Linalowafaa au kuwakwamisha wasioona wa Mbagala na Tegeta haliko mbali na wasioona wa Mwanakwerekwe na Chake Chake.

HALI ILIVYOKUWA KABLA YA SIMU

Kwa muda mrefu njia ya asiyeona kusoma mwenyewe ilikuwa ni maandishi ya nukta nundu. Maandishi hayo yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza uoni akiwa mtoto. Aliuchapisha mfumo wake mwaka 1829, akitumia nukta sita tu ambazo kwa kupangwa namna mbalimbali hutoa herufi zote, tarakimu na alama za uandishi. Tanganyika ilipata skuli yake ya mwanzo ya wasioona mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma. Katika Jiji la Dar es Salaam, Skuli ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, iliyopo Ilala, inajulikana kwa kuwasomesha watoto wasioona pamoja na wenzao wanaoona.

Nukta nundu ni elimu yenye heshima yake, na itaelezwa hapa chini kwa nini haifai kuachwa. Hata hivyo, ina uzito wake. Karatasi zake ni nene, herufi zake ni kubwa, na kitabu cha kawaida ambacho mtoto hukitia ndani ya mkoba huwa juzuu kadhaa pana zinazojaza rafu. Kuchapisha juzuu hizo kunataka mashine maalumu, karatasi maalumu na mtu aliyefunzwa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hupata kitabu kimoja wakati wenziwe wamekwisha kusoma vitano.

Pale ambapo kitabu cha nukta nundu hakikupatikana, njia iliyobaki ilikuwa ni kusomewa. Ndugu, rafiki au mwanafunzi mwenzake hukaa naye na kumsomea kwa sauti. Huo ni wema mkubwa na wapo waliofika vyuo vikuu kwa wema huo. Lakini anayesomewa hachagui saa ya kusoma, kwani lazima angoje nafasi ya msomaji. Hawezi kurudia ukurasa mara kumi bila ya kuona haya. Aidha, barua yake ya hospitali, ujumbe wa mchumba wake na taarifa ya fedha zake za benki vyote hupita kwanza katika macho ya mtu mwengine. Kwa hivyo, suala la kusoma mwenyewe linagusa elimu, na linagusa pia faragha na heshima ya mtu mzima.

SIMU INAVYOSOMA

Programu za kusoma skrini zilianza katika kompyuta katika miaka ya 1980. Kompyuta ilikuwa ghali na kukaa mahali pamoja, hivyo faida yake iliishia kwa wachache. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009. Katika mwaka huo kampuni ya Apple ilitia programu iitwayo VoiceOver ndani ya simu yake ya iPhone, na kampuni ya Google ikatoa programu iitwayo TalkBack kwa ajili ya simu za Android. Kwa kuwa simu za Android ndizo zinazouzwa kwa bei nafuu zaidi, na ndizo zilizojaa katika maduka ya Kariakoo na Manzese, TalkBack ndiyo inayomkuta msomaji wa kawaida. Hakuna malipo ya ziada yanayotakiwa ili kuitumia.

Utendaji wake ni huu. Programu inaposhughulishwa, kila kitu kinachoguswa juu ya kioo hutajwa kwa sauti. Msomaji akipitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, simu huhamia kwenye kitu kinachofuata na kukitaja. Akipitisha kutoka kulia kwenda kushoto, hurudi nyuma. Akitaka kufungua kitu alichotajiwa, hugonga kioo mara mbili kwa haraka. Kitabu kikishafunguliwa, anaweza kuiamuru simu isome mfululizo, au isome mstari kwa mstari, neno kwa neno, na hata herufi kwa herufi pale anapotaka kujua jina fulani linaandikwaje. Kasi ya sauti hupunguzwa au kuongezwa. Anayeanza huhitaji mwendo wa pole, na aliyezoea husikiliza kwa kasi ambayo mtu wa pembeni hataambulia hata neno moja.

Kioo cheusi kilichotajwa mwanzoni nacho kina maelezo yake. Programu hizi zina sehemu ya kuficha skrini, ili simu iendelee kufanya kazi bila ya kuonesha kitu. Anayesoma barua yake ndani ya daladala kwa hivyo hasomwi na aliyekaa nyuma yake.

SAUTI YA KISWAHILI

Jambo ambalo huwavunja moyo wengi katika siku za mwanzo ni lugha ya sauti. Simu nyingi hufika dukani zikiwa zimepangwa kutamka Kiingereza. Sauti ya Kiingereza inapopewa maandishi ya Kiswahili huyatamka kwa kanuni za lugha yake. Neno "wake" hutoka "weki", neno "pole" hutoka "poli", na mji wa Same uliopo Kilimanjaro hugeuka "seimu". Msikilizaji hulazimika kukisia, na baada ya kurasa mbili huchoka na kudhani kwamba simu haikuumbwa kwa ajili ya Kiswahili.

Ukweli ni kinyume cha hayo. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazoifaa sana kazi hii, kwa sababu irabu zake tano hutamkwa kwa namna ile ile popote zinapokaa, na neno husomwa kama linavyoandikwa. Programu huria ya kutamka maandishi iitwayo eSpeak ina Kiswahili, ingawa sauti yake ni kavu na ya kimashine. Google nayo imeweka sauti ya Kiswahili katika programu yake ya kutamka maandishi kwa simu za Android. Kinachohitajika ni mtu kuingia katika mipangilio ya simu, kutafuta sehemu ya kutamka maandishi, kuchagua Kiswahili na kupakua data ya sauti hiyo mara moja. Baada ya hapo vitabu vilivyohifadhiwa ndani ya simu vinaweza kusomwa bila ya bando.

Inafaa pia kukumbukwa kwamba baadhi ya vitabu vya Visiwani huchanganya Kiswahili na maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sauti ya Kiswahili peke yake huenda ikayaruka maneno hayo pasi na kumjuulisha msomaji. Msomaji wa vitabu vya namna hiyo anashauriwa kuweka pia sauti ya Kiarabu katika simu yake.

KITABU KINACHOSEMA NA KITABU KILICHO KIMYA

Ndugu Wananchi,

Hapa ndipo ulipo moyo wa mazungumzo haya. Simu inaweza kuwa nzuri, sauti ikawa ya Kiswahili safi na msomaji akawa hodari, na bado kitabu kikakataa kusema. Sababu ni namna kitabu hicho kilivyotengenezwa.

Yapo mafaili ambayo ndani yake mna maandishi halisi, yaani herufi ambazo simu inazitambua kuwa ni herufi. Mafaili ya mfumo wa EPUB, uliobuniwa mahsusi kwa vitabu vya kielektroniki, kwa kawaida ni ya aina hiyo. Faili la PDF lililotolewa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia pia huwa na herufi halisi. Lakini lipo faili jengine ambalo kwa macho linafanana na hilo, na ndani yake hamna hata herufi moja. Hilo ni lile lililopatikana kwa kuchapa karatasi, kuipitisha katika skana au kuipiga picha, kisha kuisambaza. Kwa anayeona, hiyo ni barua. Kwa programu ya kusoma skrini, hiyo ni picha ya karatasi, na jibu lake kwa msomaji ni ukimya, au neno moja tu: "picha".

Mfano mmoja unatosha. Kijana asiyeona anayeishi Tandika amemaliza masomo yake na anatafuta kazi. Rafiki yake anampelekea tangazo la nafasi za kazi kwa WhatsApp. Tangazo limeandikwa vizuri, limetiwa saini na mhuri, kisha likapigwa picha. Wenziwe wanaoona wanaijua tarehe ya mwisho ya maombi kwa kutupa jicho. Yeye anasikia kwamba amepokea picha. Atangoje mtu wa kumsomea, na pengine mtu huyo atapatikana siku mbili baada ya tarehe kupita. Hakuna aliyemnyima kijana huyo haki yake kwa makusudi, wala hakuna atakayejua kwamba amekosa. Sifa za kazi anazo, simu anayo na ujuzi wa kuitumia anao. Kilichomkosesha ni namna tangazo lilivyotayarishwa na mikono ya mtu anayeona.

Ni kweli kwamba zipo programu zinazojaribu kuzitambua herufi zilizomo ndani ya picha, kama vile Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft, nazo ni msaada mkubwa kwa kusoma maandishi ya kwenye makopo na bahasha. Hata hivyo, picha iliyopigwa kwa pembe, karatasi iliyokunjika au mhuri uliokaa juu ya maneno huzichanganya. Jadweli yenye safu tatu husomwa kwa kuvuka kutoka safu hadi safu, ada ya skuli ikaungana na jina la somo, na tarakimu moja ikaweza kugeuka nyengine. Katika hadithi, kosa la herufi mbili si neno. Katika kiasi cha dawa, namba ya akaunti au tarehe ya mtihani, kosa hilo ni hasara.

HAKI NA SHERIA

Umoja wa Mataifa uliupitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwezi Disemba 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 21 cha Mkataba huo kinazitaka nchi kuhakikisha kwamba taarifa zinazotolewa kwa umma zinawafikia watu wenye ulemavu katika miundo wanayoweza kuitumia, kwa wakati na bila ya gharama ya ziada. Zanzibar ilitunga sheria kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania Bara ilitunga ya kwake mwaka 2010.

Kwa upande wa vitabu, kizuizi cha zamani kilikuwa ni hakimiliki. Umoja wa Wasioona Duniani kwa miaka mingi ulikuwa ukikadiria kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa duniani ndivyo vinavyopatikana katika muundo unaosomeka na wasioona, na hali hiyo ikapewa jina la njaa ya vitabu. Ili kuiondoa njaa hiyo, Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa nchini Morocco tarehe 27 Juni, 2013, na ukaanza kutumika tarehe 30 Septemba, 2016. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi wanachama ziruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona, wenye uoni hafifu na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila ya kungoja ruhusa ya mwenye haki, na kupelekeana nakala hizo baina ya nchi moja na nyengine. Inafaa ieleweke wazi kwamba Mkataba huo haukumpa mtu yeyote kibali cha kunakili vitabu na kuviuza. Jasho la mwandishi linabaki kulindwa.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kwa wasomaji wenyewe, wanakumbushwa kwamba masikio ya asiyeona ndiyo yanayomlinda barabarani. Katika kuvuka Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, au kungojea gari kituoni, kisikilizio kiondolewe masikioni na simu itiwe mfukoni. Anapokaa ndani ya gari, sikio moja linatosha kwa kitabu, na la pili libaki kwa kituo chake. Aidha, vitabu vihifadhiwe ndani ya simu mapema pale penye mtandao mzuri, kwani faili la maandishi matupu ni dogo mno likilinganishwa na faili la picha za kurasa.

Kwa wazazi na walimu, wanaombwa wasiifanye simu kuwa sababu ya kuacha nukta nundu. Mtoto anayesikiliza tu hujifunza habari, lakini hajui neno "ng'ombe" linaandikwaje, wala wapi pana kituo na wapi pana mkato. Tahajia, hisabati na uandishi vinataka vidole viguse maandishi. Nukta nundu humfanya mtoto awe mwandishi, na simu humpa vitabu vingi vya kusoma. Viwili hivyo vinasaidiana.

Kwa watendaji wa ofisi, masheha, makatibu wa skuli na wote wanaotoa matangazo, yapo mambo manne yasiyohitaji bajeti. Mosi, tangazo litolewe kama faili moja kwa moja kutoka kwenye programu lilikoandikiwa. Nakala yenye saini na mhuri inaweza kuambatanishwa, lakini isitumwe peke yake. Pili, vichwa vya habari viwekwe kwa kutumia mtindo wa vichwa uliomo ndani ya programu ya kuandikia, si kwa kukoleza wino tu, ili msomaji aweze kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Tatu, kila picha au mchoro wenye maana uelezwe kwa sentensi moja. Nne, ikiwa tangazo limekwisha kutumwa kama picha, basi maneno yake muhimu, hasa tarehe, mahali na kiasi cha fedha, yaandikwe chini yake katika ujumbe wenyewe.

Kuna jaribio jepesi ambalo kila mtendaji anaweza kulifanya kabla ya kulituma faili lake. Alifungue faili hilo katika simu yake, aweke kidole juu ya neno moja na kukishikilia. Ikiwa neno hilo litajipambanua na kukubali kunakiliwa, faili lina herufi na simu ya asiyeona inaweza kulisoma. Ikiwa neno halikushikika, faili hilo ni picha, na lipo kundi la wananchi ambalo halitalisikia.

Ndugu Wananchi,

Waswahili wamesema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli kwa wanaoona, na pengine ndiyo iliyowazoesha watengenezaji wa nyaraka kudhani kwamba kila anayetumiwa waraka atatazama. Yupo atakayesikiliza. Abiria wa Mbagala aliyetajwa mwanzoni ametimiza sehemu yake: amejifunza simu, amepakua sauti na amezoea kusoma katikati ya kelele za barabara. Sehemu iliyobaki iko katika meza ya anayeandika, na muda unaohitajika kuitimiza haufiki dakika moja.